Makopo Matatu ya Maji

Walimwita Bi Sindano kwa sababu alishona nguo maisha yake yote, na kwa sababu ulimi wake nao ulichoma. Mumewe alipofariki alimwachia mdungusi mmoja, ule usio na miiba, unaoning'iniza matawi kama nywele ndefu. Porini huota juu ya miti mikubwa, umeshika gome tu, wala haupatani na matope. Bi Sindano aliutundika barazani ndani ya chungu, na sheria yake: kidole kwanza, maji baadaye. Udongo ukiwa na unyevu, haupewi kitu.

Mwaka huu mdungusi ulitoa vitumba kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kabla havijafunguka, Bi Sindano akateleza, akavunjika nyonga, akalazwa.

"Uangalieni mdungusi wa baba yenu," aliwaambia wanawe watatu kwa simu. "Nataka niukute umechanua."

Nao wakauangalia. Wodini hakufika mtu. Hospitali ni mbali, kazi zimebana, foleni usiseme; lakini nyumba ya mama iko njiani, na dhamiri ikiwasha hutafuta pa kujikuna. Chungu hakiulizi ulikuwa wapi jana. Kifungua mimba alipita kila asubuhi akamwaga kopo zima. Wa kati mchana, naye kopo. Kitinda mimba jioni, na mbolea juu. Hakuna aliyemwambia mwenzake.

Bi Sindano alirudi kwa magongo. Hata kukaa hakukaa, akaenda barazani. Matawi yalikuwa yamelegea kama kitambaa kilicholowa. Vitumba vyote vilikuwa sakafuni.

"Nani alimwagilia?"

"Mimi, mama, kila siku!" akajibu kifungua mimba kwa fahari.

"Wewe tena? Na mimi je?" wa kati akadakia.

"Kumbe nyie ndio mmeuzamisha!" akafoka kitinda mimba.

"Nyamaza! Na mbolea hii juu ya udongo ni ya nani?" wa kati akamrudishia.

Mama akaomba mkasi. Kipande kisichooza, kikikaushwa jeraha kisha kikapandwa, huota upya. Akakata, ndani kahawia. Akakata karibu na ncha, kahawia. Akamaliza tawi la mwisho.

"Tutakununulia mwingine, mama, mzuri zaidi," akasema kifungua mimba.

"Maji mlileta hapa," alisema. "Mimi kule nilimwomba mgonjwa wa kitanda cha pili aninyweshe."

Kitinda mimba akaangua kilio. Mama hakumbembeleza.

"Nendeni mkalie kwenu. Mimi nataka kulala."