Mchicha Ndani ya Makasha ya Ng'onda

Siku yangu ya kwanza kazini nililia, na siwafichi. Nilikuwa binti wa Njombe, mtu wa milima na baridi, nimetoka chuo cha kilimo nina vyeti vyangu, nikapangiwa kuwa bibi shamba wa kisiwa kimoja katika delta ya Rufiji. Bwana Kilimo wa Wilaya, mkuu wangu wa kwanza, alinikabidhi jembe, ndoo na bahasha ya mbegu za mchicha na bamia. Akanieleza kwa kifupi kwamba kina mama wa kule wanategemea mboga zinazoletwa na boti, na boti isipofika watoto wanakula wali mkavu. Nikaanzishe bustani ya mfano, waone, waige. Nilishushwa kwenye tope hadi magotini, boti ikageuza, nikabaki na begi kichwani, sina ninayemjua.

Nyinyi vijana mnaoitwa maofisa ugani mna pikipiki na simu. Mkikwama mnapiga picha ya jani lenye ugonjwa, mnamtumia mtaalamu, jibu linarudi kabla hamjanywa chai. Mimi nikikwama nilisubiri boti. Basi msinicheke kwa haya nitakayoyasema, au chekeni, nimeshazoea.

Adui wa mkulima wa delta ni chumvi. Kuna maji ya bamvua, yaani maji makuu yanayojaa mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, nayo hupanda mpaka uani. Yakishuka yanaiacha ardhi na chumvi, na mchicha ukiionja unaungua kingo za majani, kisha unalala chini. Tuta langu la kwanza lilikwenda hivyo. Nikakumbuka somo la chuoni, kwamba ardhi ikikataa, panda ndani ya kasha uliloliinua. Makasha ya mbao yalikuwa tele gatini, yametupwa na wachuuzi wa ng'onda, wale samaki wanaopasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa. Nikabeba manane, nikayajaza udongo mzuri, nikapanda, nikatamba. Siku ya kumi hapakuwa na mche uliosimama. Nilikuwa nimeikimbia chumvi ya ardhini nikaenda kupanda mbegu kwenye mbao zilizokunywa chumvi miaka na miaka. Ni kosa la mtu wa bara tu. Mtoto wa kule asiyejua hata kufunga kanga asingelifanya.

Watu walikuwa wakipita, wananisalimu, wanaiangalia ile kazi yangu na kwenda zao. Hakuna aliyesema neno. Nilidhani wananisimanga kimoyomoyo. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kwa adabu yao mtu wa serikali hakosolewi akiwa na jembe mkononi.

Aliyevunja adabu hiyo alikuwa jirani yangu Bi Somoe, mjane msukaji wa mikeka, umri wa mama yangu. Alichuchumaa penye kasha, akabanjua kibanzi cha ubao, akakilamba, akatema mate. Akanipa na mimi kibanzi.

"Lamba, bibi shamba. Au chuoni mlikatazwa kuonja?"

Nikalamba. Ilikuwa chumvi tupu. Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake. Alinifundisha kwamba kasha la ng'onda halifai mpaka linyeshewe masika nzima, unaligeuza kila wiki upande mwingine, halafu unalamba. Ulimi ukisikia chumvi, unalirudisha mvuani. Kasha la sabuni au la majani ya chai halina shida hiyo, ila yale yaligombewa na wenye kutengeneza vitanda vya watoto. Mimi nilikuwa na jambo moja tu la kumfundisha: kasha lenye alama ya fuvu, au linalonuka dawa, halilambwi wala halipandwi kitu. Alilishika hilo, akawa anawafokea wenzake kuliko mimi.

Tulitoboa chini kwa msumari uliopashwa moto ili maji yatoke. Chini kabisa tuliweka makumbi ya nazi, juu yake udongo tuliouleta kwa mtumbwi kutoka juu ya mto ambako maji ni matamu, kisha samadi ya mbuzi iliyooza. Kasha tuliliweka juu ya kichaga cha boriti za mkoko, bamvua lipite chini. Mwaka uliofuata karibu kila ua ulikuwa na kichaga. Alasiri mimi na Bi Somoe tulipunguza miche, yaani kung'oa iliyosongamana ili inayobaki inenepe, na ile iliyong'olewa tuliipika kwa nazi. Nilikula kwake, nilisukwa nywele kwake, na homa iliponishika alikesha nami. Akaacha kuniita bibi shamba, akaniita mwanangu. Katika miaka yangu yote ya kazi, huo ndio wakati pekee ambao sikuwa mpweke.

Sasa nifike penye aibu. Makao makuu walitaka taarifa, nami niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: mbinu ya kuosha na kuonja makasha, iliyobuniwa na bibi shamba. Maneno mepesi, hayakunichukua hata dakika. Taarifa ikapendwa. Mkuu wa Ugani wa Mkoa akaja mwenyewe na wageni, akaisoma kwa sauti mbele ya kijiji kizima, na Bi Somoe amekaa mkekani mstari wa mbele. Mkuu akawaambia kina mama wana bahati kupata mtaalamu wa namna ile. Watu wakapiga makofi, na Bi Somoe akapiga. Ningeweza kusimama na kusema mtaalamu ni huyu hapa. Nilitazama viatu vyangu.

Kwa ajili ya taarifa hiyo nilipandishwa cheo, nikahamishiwa Mbwara. Barua ilifika jioni, na boti ilikuwa inaondoka na maji ya alfajiri. Uso wa kumtazama Bi Somoe sikuwa nao. Nilifunga begi, nikatia kufuli mlangoni, nikapita nyuma ya nyumba yake nikinyata mithili ya mwizi wa kuku. Nilijiambia nitamwandikia barua. Sikuandika.

Mbwara nilikaa, nikaenda Umwe, mwisho nikaletwa Kibiti. Huko hakukuwa na bamvua, lakini niliendelea na makasha, maana hata penye ardhi njema kuna bibi asiyeweza tena kuinama na kuna mpangaji asiye na shamba. Wakuu nilipata wengi, wapole na wakali. Mkali kuliko wote, wa Umwe, ndiye aliyenisema kweli: "Wewe mama unafundisha vizuri, lakini hukai na watu." Nilikasirika wiki nzima. Alikuwa amepatia. Nilipofika mahali nilifundisha, nikafunga mlango. Nilichelea kuzoeana na mtu nisije nikamkosea tena. Mume nilipata, nikamzika mapema, watoto hatukujaliwa.

Nilipostaafu niliagwa kwa keki na kitenge. Kesho yake niliamka saa ile ile, nikavaa, nikakaa kitandani sijui pa kwenda. Sasa uani kwangu Kibiti nina makasha ya nyanya niliyoyaokota sokoni, na kabla ya kupanda bado nalamba ubao, ingawa nyanya haina chumvi. Jirani aliniona siku moja, akawaita wanawe ndani. Mchicha ninaovuna unanishinda kula. Nikiwapelekea majirani wanapokea vizuri, wanashukuru, wanarudi kwenye shughuli zao. Hawana kosa. Ila zipo siku jua linachomoza na kuzama sijasikia sauti yangu mwenyewe, na upweke huo unauma, msidanganywe na wanaosema uzee ni mapumziko.

Masika iliyopita nilichoka. Nikasema Bi Somoe akiwa hai nimwombe radhi, na kama atanikubali, basi nipate tena mtu mmoja duniani. Nikaenda Nyamisati, boti za delta zinakoondokea, nikapanda.

Alikuwa hai. Alikuwa amekaa barazani, macho yameingia ukungu. Nikamwamkia, nikajitaja jina. Akaitikia marahaba. Nikamweleza nililojia, kwamba maarifa yalikuwa yake nikayaandika yangu, na kwamba aibu hiyo nimeibeba mpaka leo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Karatasi?" akasema. "Mimi karatasi ningeifanyia nini, na kusoma sijui? Siku ile nilipiga makofi kwa moyo mmoja. Nilisema, mwanangu kasifiwa."

Kisha akaendelea taratibu.

"Nilisikia kwa nahodha kwamba unahamishwa. Nikapika vitumbua vyako vya njiani. Kulipokucha nikavileta, nikakuta kufuli. Watu wakaniuliza, mwanao kenda wapi? Hukuniaga."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimelilia kosa dogo na kulisahau kubwa. Nikamwomba anisamehe. Nikamwambia niko peke yangu Kibiti, naweza kuwa nakuja kila mwezi, nimletee miche, nimsaidie kumwagilia. Alipapasa mpaka akaupata mkono wangu.

"Nimekusamehe zamani. Sitaki kufa na kinyongo. Lakini kukuzoea upya siwezi. Kumzoea mtu ni kazi, na mimi nimechoka."

Sikubishana naye. Tulikaa mpaka maji ya alasiri yakajaa. Nilipoinuka nilipiga goti, nikamshika mikono yote miwili, nikataka radhi, nikamwambia naondoka. Akasema haya, amesikia, niende salama.

Basi nyinyi mnaoanza kazi, siku ikifika barua ya uhamisho, kabla hamjagusa begi zungukeni nyumba kwa nyumba mkaage, hasa pale mlipokosea. Mimi niliaga nikiwa mzee. Boti ilipong'oka gatini hapakuwa na mtu wa kunipungia mkono. Nilipunga hivyo hivyo.