Birika la Kijapani Lililonirudisha Mkekani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewapa wanadamu mikono na akawafundisha kuitumia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu na jamaa zake. Namshukuru Mola kwa uzima alionipa mpaka nimefika umri wa kuitwa bibi na watu ambao nao wana wajukuu. Namshukuru pia kwa birika. Najua mtu anaweza kucheka, lakini neema ni neema, na hii nataka kuieleza kama ilivyotokea.

Mtaani kwetu hapa Newala, siku ya maulidi, chai ya wageni haigawiwi ovyo. Kabla ya kisomo kuanza, mashehe na wazee huketi kwenye mkeka mrefu, na mwanamke mmoja mtu mzima hupita mbele yao na birika, akipiga goti kwa kila mmoja na kummiminia kwa mkono wa kulia. Tone likianguka mkekani, akina mama walioketi nyuma ya pazia huguna, na mguno wao husikika. Kazi hiyo niliipokea kwa mama mkwe wangu, siku aliponiambia kwamba magoti yake hayakunjiki tena. Kwa miaka mingi nimeifanya pamoja na kuwafundisha Kurani watoto wa kike wa mtaa, ndiyo maana wananiita Bi Mwalimu, na sikuwahi kuona kazi moja kuwa ndogo kuliko nyingine.

Kisha nikavunjika mkono. Nilikuwa nachota maji kwenye tangi letu la mvua, nikateleza kwenye saruji iliyoota ukungu, nikaangukia kiganja. Kule hospitali ya Ndanda walinifunga plasta, mfupa ukaunga vizuri, Mungu awalipe. Lakini mfupa wa mzee ukiunga hauwi tena ule wa zamani. Nikishika kitu kizito kwa ubavu, kifundo cha mkono kinatetemeka, na kadiri ninavyojikaza ndivyo kinavyozidi.

Birika letu la maulidi lilikuwa la aluminiamu, kubwa, mpini wake uko nyuma kama sikio la kikombe. Likijaa, uzito wote unavuta mbele, na kifundo ndicho kinachoubeba. Mdomo wake nao ulikuwa na tabia mbaya: ukimaliza kumimina, chai inarudi ikitambaa chini ya shingo na kudondoka. Zamani nilijua kuuzungusha kidogo ili nilikamate tone la mwisho. Mwaka ule mkono haukuzunguka. Nilimmwagia chai shehe mgeni aliyetoka Masasi, mapajani, kwenye kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Akasema, "Si kitu, mama, si kitu," huku akiinua kitambaa kisimguse ngozi. Akina mama nyuma ya pazia hawakuguna. Ningeona afadhali wangeguna.

Maulidi ya mwaka uliofuata yalipokaribia, alinijia mwenyekiti wa akina mama wa msikiti. Ni mwanafunzi wangu wa zamani, nilimfundisha alifu na bee akiwa bado hana meno ya mbele.

"Shikamoo, Bi Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekaa nusu kigoda, kama mtu anayetaka kukimbia?"

Akacheka, akajisogeza. "Bi Mwalimu, tumezungumza na wenzangu. Tumeona mwaka huu upumzike. Ukae na sisi nyuma ya pazia, ule vitumbua, amimine mwingine."

"Mwingine nani?"

"Tutampata."

"Mmempata au mtampata?"

Akatazama vidole vya miguu yake. "Hatujampata."

"Basi nipeni wiki mbili. Njooni hapa jikoni mnione nikimimina. Nikimwaga hata tone moja, nitakula vitumbua mpaka mninyang'anye sahani."

Nilisema hivyo kwa kinywa kipana, lakini alipoondoka niliingia ndani, nikaswali rakaa mbili, nikalia kidogo. Sikuogopa kupumzika. Niliogopa kwamba mtu akianza kuwekwa nyuma ya pazia, hupelekwa nyuma zaidi kila mwaka, kwa maneno matamu, mpaka hatumwi hata chumvi.

Binti yangu ni mwalimu wa shule kule Masasi. Jirani yake alikuwa mwalimu mgeni, mwanamke wa Kijapani, naye muda wake ulikuwa umekwisha. Kabla ya kurudi kwao aligawa vyombo vyake kwa majirani, na binti yangu akapata birika ambalo yule Mjapani alikuwa hajaanza kulitumia. Niliposimulia shida yangu kwenye simu, aliniambia nisubiri Jumamosi. Akaja nalo limefungwa kwenye khanga, kama mtoto mchanga.

Nililifungua, nikalipakata. Lilikuwa la chuma cha pua, kile kisichoshika kutu, pana chini na fupi kwenda juu, limetulia kama kuku aliyelalia mayai. Nilipitisha kidole pale mdomo unapoungana na tumbo, nikitafuta kovu la kuchomelea. Sikulipata. Nilipitisha ndani pia, mahali ambapo hakuna mnunuzi atakayeangalia. Ndani nako kulikuwa laini vilevile. Mfuniko ulikaa mahali pake kwa sauti ndogo, na nilipoinamisha birika haukuanguka. Chini kulikuwa na herufi ndogo za kwao zilizogongwa kwenye chuma. Sijui zinasema nini. Lakini tunafundishwa katika dini kwamba Mungu humpenda mja ambaye akifanya kazi huifanya sawasawa, na nilipoona lile tumbo la ndani nilimwombea heri aliyelitengeneza, popote alipo.

"Mama," binti yangu aliniambia akiaga, "maji ya kwanza yachemshe kisha uyamwage. Ndivyo mwenyewe alivyoniagiza."

Nikaitikia vizuri. Lakini mimi ni mtu wa huku juu mlimani, ambako maji ni ya shida. Mama yangu alikuwa akishuka bondeni kufuata maji, anapanda mlima na ndoo kichwani, na mtoto aliyemwaga kikombe alikumbuka siku hiyo. Nitachemsha maji masafi, kwa mkaa wangu, halafu niyamwage? Binti yangu hajafika hata stendi, mimi nimeshatia majani ya chai na tangawizi.

Harufu ya chai humleta wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, hata akiwa mtaa wa tatu. Akaja, akamiminiwa, akanywa funda moja na kubaki nalo mdomoni.

"Wifi," akasema alipoweza, "chai hii umeichemshia gereji?"

Nikaonja. Kweli, ilikuwa na ladha ya mafuta ya kiwandani.

"Unataka kuniua uchukue shamba la mikorosho," akaendelea. "Sema tu, nitakuandikia."

Nilimweleza agizo la binti yangu, naye akacheka mpaka akashika ukuta. Nilikwenda kumwagia migomba chai ile, moyo ukiniuma. Nikaosha birika kwa sabuni, nikachemsha maji na kuyamwaga, nikarudia tena. Mara ya tatu chai ilikuwa chai, tangawizi tupu.

Ndipo nikalijaza na kulinyanyua, nami nikawa tayari kwa mtetemeko. Haukuja.

Nililiweka chini, nikalinyanyua tena. Mpini wa birika lile umepita juu kama upinde, kutoka mbele hadi nyuma. Uzito unaning'inia chini ya ngumi badala ya kuvuta mbele yake. Kifundo hakina la kubeba, kinabaki kimenyooka, na ili kumimina inatosha kuinua kiwiko kidogo, nacho ni kizima. Aliyelichora alifikiria mkono wa mtu asiyemjua.

"Nikumiminie wewe," nikamwambia wifi.

Alikuwa amevaa khanga mpya, hata wanga haujatoka. Akakaa chini, akashika kikombe juu ya mapaja yake, akafumba macho. "Bismillahi. Ukiniunguza, utanilipa khanga na ngozi."

Nikamimina. Chai ilitoka nyembamba kama uzi, na nilipoinua mdomo ilikatika palepale, kama imekatwa kwa wembe. Hakuna kilichorudi shingoni. Wifi akafumbua jicho moja, akaangalia khanga, akaangalia birika.

"Tena," akasema.

Siku ile alikunywa vikombe vitano kwa ajili ya majaribio. Kesho yake alikuja na wengine wawili, na kila siku nikamimina nikiwa nimepiga goti, mpaka kiwiko kikazoea. Mwenyekiti alipokuja kunitazama, hakupata tone la kulalamikia. Hata hivyo alisema polepole, "Hapa ni jikoni, Bi Mwalimu. Mkekani kuna macho ya watu."

"Basi tuyape cha kutazama," nikamjibu.

Siku ya maulidi iliamka na ukungu na baridi yetu ya Newala, siku nzuri kwa chai. Birika ni dogo kuliko lile la zamani, hivyo chai ilipikwa kwenye sufuria, nami nikawa narudi kujaza na kulipasha kwenye jiko la mkaa. Watu wa mwanzo walipita salama. Nilipoinua macho, anayefuata alikuwa yule shehe wa Masasi. Aliniona, akaikusanya kanzu yake taratibu, akaivuta chini ya magoti.

Wazee walicheka. Mimi nikapiga goti.

"Shehe, iache kanzu ilivyokuwa," nikasema. "Mwaka huu sina deni nayo."

"Mama, mke wangu ndiye aliyeniagiza niikunje."

"Mwambie nimeikunjua."

Akaikunjua, akaitandaza juu ya mapaja, weupe mtupu. Nikainua kiwiko. Chai ikashuka, ikajaa mpaka chini kidogo ya ukingo, ikakatika. Shehe alitazama kanzu, akatazama mkeka, kisha akainama kulitazama birika lenyewe, akasema, "Mashaallah." Nyuma ya pazia wifi yangu alianza kigelegele, na wenzake wakakipokea.

Nilimaliza mkeka mzima bila tone. Nilipofika mwisho, mwenyekiti alikuwa amesimama na sufuria ya chai mikononi, tayari kunijazia.

"Wa upande wa mlango wanaomba kikombe cha pili, Bi Mwalimu. Nimpe mwingine azunguke?"

"Jaza," nikasema.

Akajaza, nami nikarudi mwanzo wa mkeka.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akuhifadhie viungo vyako, akupe kazi ya kuwafaa watu hata uzeeni, na akujalie ndugu wa kukuambia ukweli huku akicheka. Amin.