Kilo Sitini za Kila Mtu

Pale mapokezi ya dharura walimwita Bi Kompyuta, ingawa kompyuta yenyewe hakuipenda hata chembe. Alikuwa ameandikisha wagonjwa miaka nenda miaka rudi, na siku hizi miguu ilimvimba kabla hata ya saa ya chai.

Programu mpya ilikuwa na kichwa kigumu. Bila uzito wa mgonjwa haikubali kwenda mbele, na daktari hawezi kuagiza hata dawa ya kichwa. Walioileta bila shaka hawajawahi kumshika mtu aliyezimia. Mizani ni moja, iko mwisho wa korido, na lazima mtu asimame juu yake. Basi makarani wakajiongeza: mgonjwa akiletwa hoi, wanaandika sitini. Mnene sitini, mwembamba sitini. Hakuanzisha yeye mtindo huo, ila aliuzoea kuliko wote.

Asubuhi moja mwanamume alimleta mkewe amefunikwa blanketi, kifafa kimempanda.

"Mama, nisaidie, hakijamwachia tangu alfajiri."

Akaandika sitini, akamwelekeza ndani. Alipoinua macho, yule bwana alikuwa amembeba mkewe kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anasukuma mlango.

Mtu wa kilo sitini habebwi hivyo. Dawa ya kutuliza kifafa kompyuta huipigia hesabu yenyewe kwa uzito huo, na ikizidi, mtu anaacha kupumua. Akanyanyuka na miguu yake ile ile, foleni ikinung'unika nyuma yake.

Muuguzi alikuwa ameshashika sindano.

"Subiri kwanza, mwanangu. Uzito huo si wake."

"Lakini ndio ulio kwenye mfumo, mama."

"Nimeuweka mimi. Sikumpima."

Daktari akafunua blanketi. Mgonjwa alikuwa mifupa mitupu. Wakapunguza dawa karibu nusu, kifafa kikatulia, naye akaendelea kupumua. Mume akamshika Bi Kompyuta mikono yote miwili akimshukuru, naye aibu ikamjaa, akatamani ardhi immeze.

Alipogeuka kuondoka, daktari akamwita. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu kama yeye. Akamwonyesha vitanda vilivyojaa mpaka dirishani, kila kimoja na dripu yake.

"Na hawa, mama?"

Bi Kompyuta akawatazama mmoja mmoja.

"Sikumpima hata mmoja, dokta."