Mtafiti Mwenye Debe Kichwani

Shule mimi niliachia darasa la tano. La sita nililiona dirishani tu, nikipita na ng'ombe wa baba. Kwa hiyo nikisema nimewahi kuwa mtafiti, wajukuu wanacheka mpaka wanashika ukuta. Wacheke. Nilikuwa mtafiti, na shingo yangu inakumbuka.

Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa, huku njia ya Rungwa, karibu na pori la wanyama. Sisi tuliletwa na lori kutoka Mtinko, sufuria juu ya magodoro na kuku wamefungwa miguu. Mwenyekiti wetu katoka Kintinku. Wengine Itigi. Wachache tu ndio walikuwa wa pale pale, wakitutazama tunavyohangaika kukandika kuta. Yaani kijiji karibu chote kilikuwa cha wageni. Lakini waliokuja baadaye kidogo kutoka Burundi, wamekimbia mauaji na watoto mgongoni, hao ndio tuliwaita wageni. Tukawapa viwanja kule chini, pori linapoanzia. Tukajiona wakarimu kweli.

Siku moja akaja kijana wa chuo kikuu, ana ndevu na viatu vimejaa vumbi. Akasema tutachimbiwa kisima cha pampu, kimoja tu, na kabla mafundi hawajaja, wananchi wenyewe wafanye utafiti kisima kikae wapi. Si yeye atuulize. Tuulizane. Tukatazamana, maana tulizoea mtu wa viatu akija anatuambia.

Kila nyumba kumi zikatoa mtu. Balozi wetu, yaani kiongozi wa nyumba kumi zetu, akanitoa mimi. Nilivimba kichwa mpaka nilipofika nyumbani, mke wangu akasema, "Wamekutoa wewe kwa sababu shambani hakuna atakayejua kama hupo."

Wale wa chini hawakuwa na balozi, maana hawakuingizwa kwenye nyumba kumi zozote. Kijana wa chuo akaomba nao watoe mtu. Mwenyekiti akakuna kidevu. "Kutafuta watafute. Kwenye mkutano wa kuamua, watasikiliza." Mkutanoni kwetu ilikuwa hivi: balozi anasimama, anasema "mtu wangu ana neno," ndipo unafungua mdomo. Huna balozi, huna mdomo.

Wakamtoa mama mmoja mrefu, mkimya, nikapangwa naye. Njiani siku ya kwanza aliniambia shida yake.

"Mdogo wangu, binti yangu anateka maji kwenye mchanga wa mto, kule porini. Tembo wanakunywa hapo hapo. Kisima kikiwekwa juu kwa mwenyekiti, kwetu ni mbali kuliko mto, binti yangu atabaki na tembo. Siku ya mkutano nataka niseme mwenyewe. Ni hilo tu."

Kazi ikaanza. Nikaenda nyumba kwa nyumba, kalamu sikioni. Shikamoo mzee, marahaba, karibu, togwa hii. Huwezi kumuuliza mtu jambo hujamaliza kibuyu chake. Nikimaliza nauliza, maji mnateka wapi? Mzee wa kwanza akanyoosha mkono kule. Nikaenda kule, nikakuta kichuguu. Wa pili akanielekeza kwenye shamba la mihogo. Wanaume tulijua maji yanatoka kwenye mtungi, basi. Jioni nilikuwa nimejaa togwa, naingia kila kichaka, na jibu sina.

Yule mama akacheka kwa mara ya kwanza. "Unauliza wasiokwenda. Chukua debe."

"Debe la nini?"

"La kuulizia."

Nikamwambia kwetu mwanaume akibeba maji ni kwa baiskeli. Akasema kwa baiskeli nitawapita wanawake njiani, nani atanisimulia? Akasokota majani, akanitengenezea ngata, akanikalishia kichwani kama taji.

Kesho yake alfajiri nikashuka mtoni na wanawake. Kwenda ni raha. Kurudi, nikajaza debe pomoni kama mtu mwenye akili. Wenzangu waliweka matawi ya majani juu ya maji yasirukeruke. Mimi hakuna aliyeniambia, walikuwa wanasubiri kuona. Hatua chache tu maji yakaingia shingoni, yakashuka mgongoni, yakahamia kwenye kaptula.

"Shemeji, unateka au unaoga?"

"Mwacheni, anamwagilia njia!"

Mke wangu akakaa chini kabisa. "Baba watoto, yatakayofika yatamtosha kifaranga?"

Basi walivyocheka ndivyo walivyosema. Hapa mmoja aliteleza na mimba yake. Hapa tunajificha tembo wakiwepo. Kumbe kiangazi kikikaza, visima vyetu vya juu vinakauka, na wake zetu wanashuka mto uleule wa wageni. Walikuwa wanakutana na yule mama hapo kila mwaka, wanasalimiana, wanapita. Siku ile walimsimulia yeye, si mimi. Mimi nilikuwa nabanana na kaptula.

Siku ya mkutano tukakaa kwa nyumba kumi kumi, wageni nyuma penye baiskeli. Mwenyekiti akasema yeye anaona kisima kikae karibu na ofisi, ambayo kwa bahati nzuri ilikuwa karibu na kwake. Yule mama akasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, nina neno."

"Mama, wewe ni wa nyumba kumi zipi?"

Hata kijana wa chuo akatazama viatu vyake. Nikanyanyuka, nina jambo zito moyoni, likatoka hivi: "Ndugu Mwenyekiti, mimi ni mtafiti!"

"Kaa chini, utamwagika!" mtu akapiga kelele, mkutano mzima ukaanguka kwa kicheko.

Ndani ya kicheko hicho mke wangu akajisogeza kwenye mkeka. "Dada, njoo ukae hapa." Yule mama akapita katikati ya watu wote, akakaa na nyumba kumi zetu.

Mwenyekiti akamgeukia balozi wetu. "Huyu ni wako?"

Balozi alikuwa mzee mkali. Akamtazama mama, akawatazama wanawake wa nyumba kumi zake, nao wote walikuwa wanamtazama yeye, mkewe akiwa mbele. Akakohoa, akasimama.

"Mtu wangu ana neno."

Yule mama akasema. Hakusema sana, aliipita njia yote kwa maneno, kutoka mtoni mpaka juu, na wanawake wakawa wanaitikia kila mahali alipopataja. Kisima kikachimbwa katikati, njia ya juu na ya chini zinapokutana, palepale kwenye kichuguu. Kwa hiyo yule mzee wangu wa kwanza hakukosea, aliwahi tu. Na familia zote za chini zikaingizwa kwa balozi wetu. Tukazidi kumi mbali kabisa, lakini tuliendelea kujiita nyumba kumi.

Pampu ilipotoa maji, debe la kwanza alilibeba binti yake yule mama. Mimi nilikuwa pembeni na langu, limejaa pomoni tena. Binti akasimama, akavunja tawi la majani, akanipa.

"Mjomba," akasema, "na wewe weka."