Titi la Mjane

Mtu akinitendea wema, jambo la kwanza ninalojiuliza ni anataka nini. Nilikuwa hivyo hata kabla ya kufiwa na mume, na nilipofiwa nikazidi. Kwa hiyo daktari wa Nairobi aliponiambia kwamba anaweza kunitengenezea titi jingine mahali pa lile lililokatwa mwaka uliotangulia kwa sababu ya kansa, na kwamba sitalipa chochote kwa vile alikuwa akiwafundisha madaktari wenzake kazi hiyo, nilitazama viatu vyake. Vilikuwa vizuri mno. Nikajiambia, huyu amekosa mtu wa kujifunzia, ndiyo maana ameniona mimi wa vilima vya Kilungu.

Alinieleza polepole. Nyama ingetolewa mgongoni, chini ya bega, ikiwa bado imeshikana na mshipa wake wa damu, ipitishwe chini ya kwapa mpaka mbele, ishonwe hapo. Nikamuuliza mgongo utabaki na nini. Akacheka, akasema mgongo una nyama ya kutosha. Daktari yule hakuwa Mkamba. Hakujua kwamba mwanamke wa kwetu anaishi kwa mgongo, maji mgongoni, kuni mgongoni, mukwa wa ngozi umepita juu ya paji la uso na mzigo wote umelala pale pale alipotaka kukata.

Nilikubali hata hivyo. Sikumwambia mtu kwa nini, na sababu yenyewe ni fupi: nilikuwa nimechoka kuoga huku nimegeuza uso. Hakukuwa na mwanamume wa kumwonyesha. Nilitaka mimi mwenyewe.

Kitanda cha kando yangu kilikuwa na mama mmoja wa Zombe, kule Kitui, mfanyabiashara wa mbuzi. Yeye alikuwa ametengenezewa titi kwa njia hiyo hiyo zaidi ya mwaka mmoja nyuma, na sasa alikuwa amerudi kumaliziwa chuchu. Hata hatujaamkuana vizuri akafungua gauni la hospitali, akasema, "Tazama." Lilikuwa limekaa sawasawa, tena lilikuwa zuri. Machale yakanicheza. Nikakumbuka wale watu ambao muuza dawa huwapanga katikati ya umati siku ya soko, ili wapaze sauti kwamba minyoo imewatoka. Nikamuuliza mama huyo, daktari anamlipa nini kwa kazi ya kunishawishi. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Amenilipa titi," akasema.

Ng'ambo ya pili alilala mama wa Makindu, mke wa mtu wa reli, mpole, anayeomba kabla ya kula, kabla ya dawa na kabla ya sindano. Nilipozinduka baada ya upasuaji, mpira umetoka ubavuni mwangu ukiingia kwenye chupa, ni yeye aliyenishikia chupa ile nilipokwenda chooni. Mama wa Zombe alinionyesha jinsi ya kulala na mto chini ya kwapa, na jinsi ya kupandisha vidole ukutani, leo hapa, kesho juu kidogo, mpaka mkono ukubali kuinuka. Waliniambia pia mambo ambayo daktari aliyanyamazia. Kwamba ukikuna titi jipya, anayesikia ni mgongo. Kwamba ukisukuma mlango, titi litaruka lenyewe.

"Lisikutishe," akasema mama wa Zombe. "Linakumbuka kazi yake ya zamani."

Niliwashukuru, lakini pochi yangu niliiweka chini ya mto.

Nikarudi nyumbani na amri moja: nisibebe kitu mgongoni kwa miezi kadhaa. Ni rahisi kusemwa Nairobi. Boma letu lilikuwa mlimani, mto uko bondeni, na wanangu wote wawili walikuwa shule ya bweni. Katika boma hilo nilikaa na mama mkwe wangu, kila mmoja na nyumba yake. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu na mtoto pekee aliyembakia mama yule, alikuwa amejenga juu kidogo.

Shemeji alilitamani shamba langu la machungwa tangu siku ya mazishi. Kwetu mjane mwenye watoto hafukuzwi hivi hivi, lakini akishikwa na shaka kwamba ana mwanamume wa nje, ukoo unaweza kukaa chini ukamwambia arudi alikozaliwa, watoto wabaki. Sasa mjane amekwenda Nairobi na kurudi na titi jipya. Shemeji hakungoja. Jumapili baada ya ibada, tukiwa bado kwenye mlango wa kanisa, alimuuliza mwenzake kwa sauti ya chini iliyosikika mpaka barabarani: "Mjane anatengenezewa titi la nani?"

Toka siku hiyo nikajua wanatafuta ushahidi, na nikajua atakayeukusanya ni mama mkwe. Huyu mama hakuwa amekanyaga hospitali siku zote nilizolazwa, si mara ya kwanza, si ya pili. Sasa ghafla alikuwa habanduki kwangu. Nikiwa bafuni, yaani nguzo nne na magunia nyuma ya nyumba, naona gunia linasogea na jicho lake hapo. Ati anatafuta kuku. Kuku gani anatagia bafuni? Jioni tukichambua mbaazi anaanza kunichimba. Lilianza upande gani? Liliuma, au halikuuma? Nani alikuwa wa kwanza kuliona?

"Daktari," nikamjibu, na nikaendelea na mbaazi zangu.

Kuhusu maji, nilikuwa nimeanza kuyateka kwa birika, nikishuka na kupanda kama mwenda wazimu, siku mama wa Zombe alipotokea kwenye njia ya boma na kiondo cha ndengu. Alikunywa chai. Alitazama kovu la mgongoni, akasema linakauka vizuri. Kisha akaomba mtungi na mukwa, akashuka mtoni. Aliurefusha ule mukwa ili mtungi ukae kiunoni, chini ya kovu lake, na akaniambia na mimi nitabeba hivyo wakati wangu ukifika. Alijaza pipa, akalala, asubuhi akaondoka.

Nilibaki nikiwaza. Kutoka Zombe mpaka Kilungu unavuka Kitui nzima na Machakos juu yake, na unabadilisha gari mpaka unachoka kuuliza. Hakuna mtu anayevuka nchi yote hiyo kwenda kumchotea mwenzake maji. Kwanza kwao maji yenyewe ni shida. Nikakagua kabati la vyombo.

Juma lililofuata akaja mama wa Makindu, amebeba chapati za hekalu la Kalasinga zimefungwa kwenye gazeti. Akafua nguo, akajaza pipa, akaniombea. Halafu tena mama wa Zombe. Ikabainika kwamba walikuwa wamepangiana zamu tukiwa bado wodini, bila kuniuliza, kwa sababu walijua ningekataa. Hilo lilinikasirisha. Niliwaza labda wanataka kunivuta kwenye kanisa lao. Niliwaza labda mmoja ana kaka anayetafuta mke mwenye shamba. Kisha nikawaza jambo baya zaidi, kwamba shemeji amewapata njiani akawatia mfukoni, maana wanawake waliokwishaniona uchi ndio mashahidi wazuri kuliko wote.

Na wakanipa sababu. Mara ya tatu mama wa Zombe alipokuja, hakuanzia kwangu. Aliingia kwanza jikoni kwa mama mkwe, na mlango ukarudishwa. Nikazunguka nyuma ya ukuta, pale moshi unapotokea, nikasikia sauti zao.

"Yeye hajui?"

"Hajui. Na nisikie umemwambia."

"Basi mwite mwanao umwambie. Ukizidi kunyamaza utajuta."

Huyu niliyempa kitanda changu akalala, ndiye anayemhimiza mama mkwe aniripoti. Alipokuja kwangu baadaye nilimpa kikombe kimoja cha chai, cha pili nikamnyima, na maneno yangu yote yakawa ndiyo na hapana. Aliosha kikombe, akachukua mtungi, akaenda mtoni. Kiburi chake hicho nacho kilinichoma.

Mama mkwe kweli akamwita mwanawe. Aliita mwana peke yake, lakini shemeji alikuja Jumamosi alasiri na wazee wawili wa ukoo, amevaa koti. Walikaa uani kwa mama mkwe, kwenye viti vya miguu mitatu. Mimi niliambiwa nisimame karibu na jiko. Mama wa Zombe, aliyekuwa bado hajaondoka, alisimama nyuma yangu, na nilisogea ili asiniguse.

Shemeji aliongea mpaka jasho likamtoka. Titi la bure, nani anayetoa titi bure? Wanawake wasiojulikana wanaingia na kutoka, mmoja wa Kitui, mmoja wa kule kwa Makalasinga, na viondo vimefunikwa. Ni nani anajua wanabeba salamu za nani? Alisema kaka yake hajaoza, na mke anajipamba. Niliona machungwa yangu yamekwenda, na wanangu wakiamka asubuhi katika nyumba ambayo simo.

Mzee mmoja akamgeukia mama mkwe. "Wewe ndiye unayekaa naye, mama. Tuambie umeona nini."

Mama mkwe akainuka. Hakunitazama mimi. Alimtazama mwanawe, akaingiza mkono kwenye shingo ya blauzi yake, akashika titi la kushoto.

Kwetu mama akishika titi alilomnyonyesha mwanawe, mbele ya uso wake, kisha akafungua mdomo, neno atakalolisema litamfuata mtoto yule mpaka kaburini. Hicho ndicho kiumo, laana ya mzazi. Hata wazee wa kanisa wanaohubiri kwamba mambo hayo yalikwisha hawangojei kuhakikisha. Kiti kilianguka. Mzee mmoja alijifunika uso kwa kofia. Shemeji alikuwa chini, magoti mavumbini na koti lake, kichwa kimeinama.

"Mama, usiseme," alikuwa akisema. "Mama, nakuomba, usiseme. Nimeacha. Shamba ni lake. Sitaligusa."

"Inua macho," mama akamwambia.

Hakuinua. Alirudi kinyumenyume akiwa bado ameinama, akageuka kwenye ua, akaenda. Wazee walimfuata bila hata kunywa chai, jambo ambalo sijaliona tena katika ukoo ule. Mama mkwe alibaki amesimama, mkono bado kifuani. Halafu akaingia ndani.

Furaha niliyoisikia siwezi kuipima. Huyu mama niliyemshuku miezi yote, kumbe alikuwa upande wangu, tena kwa kiasi hicho, tayari kumlaani mwana mmoja aliyebaki ili mjane wa yule aliyekufa asifukuzwe. Niliingia ndani mbio. Nilimkuta ameketi kitandani, mama wa Zombe amekwisha kaa kando yake, amemshika bega. Nilipiga magoti.

"Asante, mwaitu, asante mama," nikasema. "Sikujua utanitetea hivyo."

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. "Nani alikuwa akikutetea?"

Nikaelekeza mkono uani, kule shemeji alikopiga magoti.

"Nilimwita aone," akasema. "Huyu mwenzako ameniambia nisifiche, nimwonyeshe mwanangu anipeleke hospitali. Nikasema sawa. Nilikuwa nikilitoa ili anisikitikie, na hakuangalia hata kidogo."

Nilimgeukia mama wa Zombe. Uso wake ulikuwa umechoka.

"Siku ile ya kwanza nilikuja kwa ajili yako," akaniambia. "Mama alinifuata mtoni, akanionyesha huko kwenye mawe. Hizi safari nyingine zote sikuja kwako. Zamu yangu kwako ilikuwa imekwisha."

Niliona aibu, na juu ya aibu nikasikia wivu, nasema kweli. "Mwaitu, kwa nini umwonyeshe mgeni? Mimi nipo hapa hapa."

"Nilikuuliza," akasema. "Nimekuuliza jioni baada ya jioni. Ulinijibu kama askari wa kituoni." Hakulisema kwa hasira. Alianza kufungua vifungo vya blauzi, na vidole vilimsumbua, mama wa Zombe akamsaidia. "Yeye ndiye aliyelinyonya, na amekimbia. Haya, njoo uangalie wewe."

Nikasogea. Ngozi ilikuwa imevutika kwa ndani, chuchu imezama, na pembeni palikuwa na kidonda alichokuwa akikiziba kwa kitambaa cha leso, amekikunja vizuri, safi kabisa. Nilijua nilichokuwa nikikitazama. Nilimuuliza ameliona tangu lini.

"Tangu kabla ya lako," akasema.