Sauti ya Mjane Niliyoitoa Darasani

Mwenye kosa ni mimi. Wenzangu wa darasa la Kiingereza la jioni, hapa Ngamiani, wanashukiana mpaka leo, na mimi nakaa nao benchi moja nimenyamaza.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na kitu, swala tano sikosi. Shule nimeianza ukubwani. Mwalimu wetu, kijana Msambaa, Mkristo, anafundisha kwa simu. Kila mtu anarikodi zoezi lake, anatuma kwenye kundi la darasa, halafu jioni mwalimu anatufungulia kwenye spika tunasahihishana.

Mwenzetu mmoja, nimwite Zuhura, alifiwa na mume. Akakaa eda, hatoki. Mwalimu akamwambia asiache masomo, awe anatuma sauti tu akiwa ndani. Na Zuhura alikuwa na haja. Nyumba moja ya wageni kule Pangani ilimwahidi kazi ya mapokezi eda ikiisha, mradi aweze kuzungumza na Wazungu. Marehemu hakuacha kitu, watoto wangekula hapo.

Jioni moja mwalimu akafungulia sauti yake, akasema, "Mnamsikia? Yuko ndani, na anawashinda nyie mnaokuja."

Zamani aliyekuwa akisifiwa ni mimi. Iliniuma, nisiwafiche. Nikajipa sababu ya dini: mjane gani huyu, sauti yake inasikika kwenye spika mbele ya wanaume? Wallahi ulikuwa wivu mtupu, nimeuvika baibui.

Zoezi lenyewe lilikuwa la kumpokea mgeni hotelini. Zuhura alisema kwa Kiingereza, karibu bwana, chumba chako kiko tayari, twende nikakuoneshe. Mwishoni akacheka kidogo, kwa haya, maana neno moja lilimponyoka.

Nikaituma ile sauti kwenye kundi la kina mama wenzangu wa maulidi. Nikawatafsiria. Kwamba ni zoezi la darasani, sikuandika.

"Bibi we, na eda yake?" mmoja akajibu.

Mwingine akasema, "Chumba kiko tayari! Kumbe marehemu kapisha njia."

Wakacheka. Na mimi nikacheka nao.

Haikupita wiki, sauti ikamfikia shemeji yake Zuhura. Akamnyang'anya simu. Mama mkwe akahamia chumbani kwake kumchunga. Ukoo ukakaa, wakasema mama wa namna hii hawezi kulea, watoto wakapelekwa Kigombe kwa shangazi yao. Zuhura hata kuwasindikiza mlangoni hakuweza, yuko edani.

Darasani mwalimu akauliza, "Nani kaitoa nje sauti ya mwenzetu?" Nikajikausha. Yule kijana akaona kosa ni lake, akalifunga kundi.

Eda ilipoisha ndipo nikapata moyo wa kwenda kwa wakwe zake. Nikawaeleza yote, nalia. Mama mkwe akaniangalia, akasema, "Mwanangu, siku zote hizo ulikuwa wapi?" Watoto walirudishwa. Kazi ya Pangani walishampa mtu mwingine.

Zuhura nilimwomba radhi nimepiga magoti.

"Nimekusamehe, dada," akasema.

Nikamwambia basi rudi darasani, mwalimu anakuulizia kila siku. Akatikisa kichwa. "Nikitaka kusema Kiingereza, nasikia mnavyonicheka. Ulimi haunyanyuki."

Wenzangu wa darasani bado sijawaambia. Wakiyasoma haya watanijua.

Nyie mnaosoma kwa simu kama sisi, sauti ya mwenzio uliyopewa umsahihishe ni amana. Ikishatoka haikamatiki, na msamaha hauirudishi. Ukiona kidole kinakwenda kuituma kwingine, na moyoni unajiambia unatetea dini, weka simu chini kwanza. Jiulize mwenzio kakupita wapi.