Mimea ya Mawe ya Kakangu

Ipo asubuhi moja ambayo huikumbuka kila nishikapo kopo la kumwagilia maua, mwanangu.

Nilikuwa msichana bado, nimepanga chumba Kawangware. Kakangu Wafula, aliyenilea, alikuwa amefariki. Tulimzika ushago, kijijini kwetu, nami nikarudi Nairobi peke yangu. Kaburi likabaki mbali. Aliniachia bustani ndogo mlangoni: mawe, kokoto, na mimea mifupi ya majani manene. Aliipata kazini, alikotunza maua ya watu. Ni mimea ya milimani, huota kwenye nyufa za miamba, penye baridi na jua kali.

Kwa kuwa sikuwa na kaburi la kupalilia, nilimwagilia mimea. Kila asubuhi, hata ikinyesha. Majani yakageuka manjano, yakalainika kama ndizi iliyopitiliza. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Ukabaki mmoja tu.

Ndipo shosho, yule bibi kizee mwenye ploti ya vyumba tulivyopanga, akapita.

“Wee Nekesa, hii ni bustani ama ni supu?”

“Naogopa ikauke, shosho. Ni ya kaka.”

“Haina kiu. Unaiua na huruma.”

Akaung'oa ule mmoja. Nilipiga kelele, majirani wakachungulia. Akakata shina lililooza kwa kisu chake cha kukatia sukuma wiki, akaliweka tawi lililobaki juu ya jiwe, juani.

“Lipande basi! Litakufa!”

“Kidonda kibichi ukikifukia kinaoza. Wacha kikauke kwanza. Na wewe toka kwa hiyo nyumba, kaa hapa uote jua.”

Nikakaa, nililinde lisiliwe na kuku. Waliopita walinisalimu, wengine wakaketi. Mmoja akasimulia jinsi Wafula alivyokuwa akiimba vibaya kanisani, tukacheka, kisha nikalia mbele za watu kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kidonda cha tawi kilipofunga, shosho alinionyesha kulipanda kwenye mchanga na kokoto. Lilishika. Wafula hakurudi, lakini nilianza kupata usingizi.

Mwanangu, mimea hii ipe jua na mawe, na usiimwagilie kabla udongo haujakauka kabisa. Nawe ukifiwa, usijifiche nyuma ya kazi za mikono. Kaa na watu, mtaje marehemu kwa jina, lia wakuone. Sitakudanganya kwamba uchungu huisha. Wangu bado upo. Ila hauniozeshi tena.

Mungu akuweke, akupe siku za jua, na jirani asiyeogopa kukukemea.